Mtaka cha Mvunguni: Gari la Zamani Mbele ya Majaji

Ndugu msomaji, usishangae kukuta gari katika kurasa ambazo umezoea kukuta mashairi na hadithi fupi. Sijahamia gereji. Nataka tulihakiki gari kama tulivyofundishwa shuleni kuhakiki riwaya: fani, maudhui, halafu kufaulu na kutofaulu. Nina sababu yangu. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tuna miswada chini ya kitanda, na ugonjwa wetu ni mmoja: tunapiga rangi kabla ya kukwangua kutu. Wapo watu duniani wanaofufua magari ya zamani na kuyapeleka mbele ya majaji, na hao wameupatia dawa ugonjwa huo. Ila dawa yao nayo ina uchungu wake, na huko tutafika.

Kazi yenyewe ni ipi?

Kwetu Mara gari kuukuu tunaliita mkweche. Pale Bunda, barabara ya Mwanza na Musoma inapopita mjini, neno hilo hutamkwa kwa dharau na kwa mapenzi kwa wakati mmoja. Mkweche ni gari ambalo bado linamlisha mtu. Leo limeungwa, kesho limekatika, keshokutwa limeungwa tena. Hakuna anayeuliza kama nati iliyofungwa ni ya kiwandani au ilitoka kwenye trekta. Abiria na dereva wana swali moja tu: tutafika?

Sasa vuka Sirari, pandisha Kisii, nenda mpaka Nairobi. Huko, tangu mwaka 1970, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo imekuwa ikiandaa shindano linaloitwa Concours d'Elegance. Jina ni la Kifaransa, maana yake shindano la umaridadi. Kwa miaka mingi uwanja wake umekuwa ule wa mbio za farasi wa Ngong. Marekani nao wana la kwao Pebble Beach, California, lililoanza 1950, na kwa wapenzi wa mambo haya hilo ndilo kama Kombe la Dunia. Magari hupangwa kwa madaraja, majaji wakayazunguka na karatasi zao, wakapunguza pointi kila wanapoona kasoro. Wanatazama bodi, wanafungua milango, wanainua boneti, wanachungulia buti. Na wale walio makini huinama wakaangalia uvunguni.

Hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa, maana wahenga walishasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali la jaji ni tofauti kabisa na la abiria wa Bunda. Jaji anauliza: hili gari ni safi na zima kiasi gani, na je, ndivyo lilivyokuwa lilipotoka kiwandani?

Fani: muundo

Kazi ya kufufua gari huanza kwa kulibomoa. Hapa wengi hushindwa mapema, kwa sababu kubomoa ni rahisi na kuna raha yake, bali kukumbuka kila kitu kilikaa wapi ndiyo shughuli. Mfufuaji wa kweli hupiga picha kabla ya kufungua. Kila nati na bolti huingia kwenye mfuko wake, na mfuko unaandikwa: bawaba ya mlango wa kushoto, juu. Waya zinachorwa kabla hazijaguswa. Ndiyo maana gari linaweza kukaa vipande vipande miaka mingi, mke analalamika, watoto wanakua, na mwenyewe bado anatafuta kishikizo kimoja cha kioo.

Tuchukue mfano wa gari ambalo watu wa Mara wanalijua sana: Land Rover. Iliwabeba mabwana shamba, mapadri, na maaskari wa wanyamapori wa Serengeti. Iliingia sokoni 1948, Uingereza ikiwa bado inaugulia vita, chuma kikiwa cha mgawo. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, wakati chesisi ilibaki ya chuma. Matokeo yake ni mtego. Ukilitazama kwa nje unaona bodi nzima, haina kutu, unasema hili linahitaji rangi tu. Kumbe chini, chesisi inaliwa kutoka ndani kwenda nje. Ukigonga kwa nyundo inatoa sauti ya debe bovu. Mfufuaji asiyeinama atapiga rangi juu ya maiti.

Hebu niambie kama hujawahi kusoma hadithi ya namna hiyo. Sentensi tamu, tamathali zimepangwa vizuri, lakini kisa chenyewe kimeoza katikati: mhusika anafanya jambo kwa sababu tu mwandishi anataka afanye. Wengi wetu tunaporekebisha mswada tunabadilisha maneno. Chesisi hatuigusi.

Fani: undani wa vitu

Majaji wa kweli ni watu wabaya sana kwa waongo. Land Rover zilizotengenezwa hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na taa kubwa za mbele katikati, kwenye uso wa gari karibu na rejeta. Baadaye taa zikahamishiwa kwenye madigadi. Toleo la tatu, lililoanza 1971, likaja na grili ya plastiki. Sasa mtu akileta Land Rover anayodai ni ya 1962, taa zikiwa kwenye madigadi na mbele kuna plastiki, jaji hahitaji hata kuuliza. Amekwisha kujua kwamba uso umetoka gari jingine.

Ndiyo maana watu hawa ni watafiti kabla ya kuwa mafundi. Huko Gaydon, Uingereza, kuna makumbusho ya magari ya Waingereza ambayo hutunza daftari za viwanda vya zamani. Mwenye Land Rover akipeleka namba ya chesisi, anaweza kupewa hati ya kumbukumbu: gari lilitengenezwa lini, lilipigwa rangi gani, lilipelekwa wapi. Yaani kuna mtu aliandika kwa kalamu, miaka sitini iliyopita, kwamba gari namba fulani ni la kijani na linakwenda nchi fulani, na leo karani huyo ndiye shahidi mkuu. Usiwadharau makarani.

Kisha kuna rangi. Magari mengi ya zamani yalipigwa rangi ya selulosi, koti juu ya koti, kila koti likisuguliwa kwa msasa wa maji. Mng'ao wake ni wa upole. Rangi za siku hizi zinang'aa kama kioo cha saluni, na mtu mwenye pesa hushawishika kuzitumia. Hapo huzaliwa kasoro ambayo majaji wanaijua vizuri: gari linalopendeza kuliko lilivyopata kupendeza siku yoyote ya maisha yake. Mishono ya viti imenyooka kuliko ile ya fundi wa kiwandani. Kromu imewekwa mpaka pale ambapo kiwanda kiliweka rangi nyeusi ya kawaida. Ni uongo, tena uongo wa gharama.

Wenzangu, ugonjwa huo tunao. Mvuvi wa Mwigobero, ambaye tangu alfajiri anavuta nyavu na kupigania bei ya dagaa, tunampa midomo ya kamusi. Anasema "la hasha" na "aushi" wakati watu wote wanaomzunguka wanasema "thubutu!" na "maisha haya, we acha tu." Tumempiga kromu. Msomaji anayemjua mvuvi atainama uvunguni, ataona, na atapunguza pointi kimyakimya. Hatatuandikia barua. Ataacha tu kusoma.

Maudhui: uaminifu usioonekana

Shuleni walitufundisha kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Mimi mfano huo haujawahi kunikaa, na gari linanipa ushahidi. Katika gari lililofufuliwa kwa haki huwezi kutenga kikombe na chai. Namna bolti ilivyokazwa ndiyo maana yenyewe. Dhamira ya kazi hii ni uaminifu mahali ambapo hakuna anayeangalia, na dhamira hiyo haisemwi popote kwenye gari. Imefungwa kwa spana.

Watu wa kanda yetu ya ziwa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mwandishi wa namna hii. Pale Kisorya, wilayani Bunda, kuna kivuko cha kwenda Ukerewe. Ukerewe ndiko alikoishi Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Akaja kuitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, miaka 35 baada ya kumaliza. Mwaka uliofuata akafariki. Ukiisoma utaona jinsi alivyoeleza kilimo, uvuvi, pombe, posa na tiba za Wakerewe kwa undani ambao mhariri wa leo angeukata kwa kalamu nyekundu. Lakini Kitereza aliona mambo hayo yanapotea, akataka kila nati ikae mahali pake. Alikuwa anafufua gari ambalo wengine walikwisha kulitupa.

Ukitoka Musoma, kama kilometa 45, unafika Butiama. Kule yuko mfano wa pili. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapishwa 1963. Angeweza kuishia hapo. Alikuwa Rais, nani angemrudisha gereji? Lakini aliirudia, akaisahihisha, na tafsiri mpya ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi. Katika makumbusho yake pale Butiama, yaliyofunguliwa 1999, imo pia tafsiri yake ya sehemu za Jamhuri ya Plato, kwa mwandiko wake. Mtu mwenye nchi nzima mabegani alipata muda wa kukaza tena nati aliyokwisha kuikaza. Sisi ambao mabegani hatuna hata mfuko wa sukari tunasema hatuna muda wa kuandika rasimu ya pili.

Kufaulu kwao

Kwa hiyo nawapa haki yao. Mashindano haya yamefaulu kuweka kipimo nje ya kelele za mwenye mali. Mwenye gari anaweza kujisifu atakavyo, karatasi ya jaji inabaki na namba zake. Yamefaulu kuthamini utafiti. Yamefaulu kuhifadhi ujuzi unaokufa: kunyoosha bati kwa nyundo na kujaza mikunjo kwa risasi iliyoyeyushwa badala ya kupakaza puti, kurekebisha kabureta kwa sikio, kushona viti kwa mkono. Na yamemfundisha mtu wa zama hizi za harakaharaka kwamba kuna kazi inayochukua miaka kumi na haina njia ya mkato.

Kutofaulu kwao

Sasa uchungu wa dawa. Nina malalamiko mawili.

La kwanza ni kwamba kanuni ya "kama lilivyotoka kiwandani" inamtambua mwandishi mmoja tu wa gari, naye ni kiwanda. Maisha yote yaliyofuata yanahesabika kuwa uchafu wa kuondolewa. Kwa gari lililokaa gerejini Ulaya, likitoka Jumapili tu, huenda hakuna hasara. Kwa gari lililoishi kwetu hasara ni kubwa.

Fikiria Land Rover iliyofanya kazi kati ya Bunda na Musoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa zimeadimika nchini, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Spea zilikuwa hadithi. Fundi akachukua tairi bovu, akalichonga kwa kisu, akatengeneza bushi. Akatoa jani la springi kwenye lori lililokufa, akalikata, akalipasha moto, akalikunja likakubali. Gari likatembea. Ukilipeleka gari hilo kwa jaji wa kanuni za kiwanda, bushi ya tairi ni kosa, itolewe, ifungwe mpya kutoka Uingereza. Pointi zinapanda. Lakini mimi nasema ile bushi ni ukurasa wa historia ya Tanzania, na aliyeuchana anajiita mhifadhi!

Usidhani ni maneno ya kijiweni. Katika Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam kuna Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya mkoloni, kisha ikatumiwa na Mwalimu Nyerere. Haya, tuirudishe katika hali gani? Ukiirudisha ilivyotoka kiwandani, umewafuta wote wawili. Ukiirudisha ilivyokuwa enzi za gavana, umemshusha Mwalimu garini. Ukiiacha ilivyokuwa chini ya Mwalimu, majaji wa kiwanda watakuona mzembe. Gari ni lilelile, siti ni zilezile, lakini aliyekaa nyuma amebadilika, na badiliko hilo ndilo Uhuru wenyewe. Hakuna namba ya chesisi inayoweza kukwambia hilo.

Na kwa haki, wenyewe wameanza kushtuka. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilikamilisha Mkataba wa Turin mwaka 2013, likifuata njia ya Mkataba wa Venisi wa 1964 unaohusu majengo ya kale. Mkataba huo unataka mabadiliko yaliyofanyika wakati wa maisha ya gari yaheshimiwe kama sehemu ya historia yake, na kila kinachofanywa wakati wa ukarabati kiandikwe. Mashindano makubwa, Pebble Beach likiwemo, yameweka daraja la magari ambayo hayajafufuliwa kabisa, yenye rangi yake ya asili iliyochakaa na ngozi ya viti iliyopasuka. Kumbe inawezekana.

Lalamiko la pili linanichoma zaidi. Kombe anachukua nani? Mwenye gari. Jina linaloandikwa ni la mwenye gari. Na yule aliyelala chali uvunguni miezi na miezi, kutu ikimwingia machoni, akikaza nati ambayo jaji peke yake ataiona? Mara nyingi siku ya shindano yumo hapohapo uwanjani, na kitambaa mkononi, anafuta vumbi la mwisho. Wapo wamiliki wanaofanya kazi kwa mikono yao wenyewe, hao nawavulia kofia. Lakini pale kazi ilipofanywa na fundi wa kuajiriwa, kumtaja mwenye pesa peke yake ni sawa na kuandika jina la mchapishaji kwenye jalada na kumwacha mwandishi atafute nauli ya kurudi nyumbani.

Vijana wa kwetu wanaoshinda gereji ni wengi. Wengine ni wenzetu wa darasa, waliomaliza kidato cha nne wakakosa nafasi ya kuendelea. Wanajua kuliamsha gari ambalo wazungu wangelifanyia mazishi. Ujuzi wao haujaandikwa popote. Na wakati huohuo wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mitaani na mizani zao. Chesisi inakatwa kwa gesi, inauzwa kwa kilo, na bushi ya tairi inachomwa moto. Hapo hakuna jaji wala karatasi.

Hitimisho

Mimi sina gari, kwa hiyo sitakwambia ukafufue gari. Nasema haya kwa sisi wa kalamu.

Kwanza, tuchukue nidhamu yao yote. Kabla hujaandika kwamba shujaa wako alipanda basi la Musoma mwaka 1975, nenda kaulize wazee lilikuwa basi gani, lilisimama wapi, nauli ilikuwa shilingi ngapi. Taa isikae kwenye madigadi mahali ilipotakiwa kuwa katikati.

Pili, tuikatae kanuni yao ya kiwanda pale inapotudhulumu. Kiswahili cha Musoma kina viraka vya Kijita, Kikurya, Kizanaki, Kiluo na vya kwenye stendi. Wapo wahariri watakaotwambia tung'oe bushi hizo tufunge za kamusi. Iliyo mbovu kweli ing'olewe. Ile inayolibeba gari ibaki, tena isimame mbele ya jaji bila aibu.

Tatu, tusitupe rasimu ya kwanza. Mfufuaji mwenye akili huweka kipande kilichotolewa kwenye boksi, akakiandika kimetoka wapi na kwa nini. Siku moja mtu atataka kujua gari lilipitia nini.

Na nne, mmoja wetu, na hapa namtazama kila mwenye kalamu kuanzia Bunda mpaka Sirari, achukue daftari aende gereji iliyo karibu naye. Akae kwenye ndoo iliyogeuzwa, awaulize mafundi wazee jinsi walivyoyatembeza magari miaka ile spea zilipokosekana, na aandike kwa majina ya vitu kama wao wanavyoviita. Majina yao wenyewe ayaandike pia, kama watakubali. Kitereza alifanya hivyo kwa Wakerewe. Mafundi wetu bado hawajapata mtu.

Naomba kutoa hoja.